Bunduki ya Upepo

Katika lugha yetu neno risasi lina maana mbili: madini laini na mazito yenye rangi ya kijivu, na kitu kitokacho katika kinywa cha bunduki. Mahali pengi maana ya pili imeimeza ya kwanza. Mpanda haikuwa hivyo, kwani hapa risasi ilitolewa ardhini kwa sururu na baruti kabla ya kumtisha mtu. Kampuni ya Uruwira Minerals ndiyo iliyoichimba, na kwa ajili ya mgodi huo ilijengwa reli ya tawi kutoka Kaliua, ambayo ilifunguliwa mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ilibaki, mji ukabaki, na katika nyumba ya mjomba wangu ikabaki bunduki ya upepo, aliyouziwa na Mzungu mmoja wa mgodini aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao.

Juu ya silinda yake pana chapa ya BSA, bunduki tatu zilizoegemeana, ile ile iliyokuwa katika baiskeli ambazo wazee wetu walijivunia. Vyote viwili vilitoka Birmingham, Uingereza. Lakini undugu wao si wa chapa tu. Aliyepata kutia upepo gurudumu la baiskeli anaijua nusu ya siri ya bunduki hii. Pampu ina silinda, mti wa kusukumia, na washa ya ngozi mwishoni. Bunduki nayo ina vivyo hivyo, ila mahali pa mkono wa mtu pamewekwa kamani nene ya chuma. Mtutu ukikunjwa chini, kamani hubanwa nyuma ya pistoni ikanaswa. Kifyatulio kikivutwa, pistoni huruka mbele, hewa hushindiliwa ghafula hata ikapata moto, nayo huisukuma chembe ya risasi yenye kipenyo cha milimita 4.5 na kiuno chembamba kama cha kinu. Hapana baruti wala moshi.

Moshi ukionekana, mafuta yamezidi ndani, na hewa ile ya moto imeyawasha kama yawakavyo katika injini ya dizeli. Hapo hutoka kishindo ambacho vijana hukipenda mno, wakidhani ni nguvu. Mjomba alikuwa akikunja uso na kusema, “Mpwa wangu, hiyo ni kamani inaliwa.”

Kuifungua ilikuwa kazi ya jioni nzima. Kamani hubanwa hata bunduki isipokokiwa. Anayeitoa pini kwa pupa aweza kupoteza meno. Mjomba aliishika silinda katika jiliwa la seremala, akailegeza kamani kidogo kidogo, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaiviringisha juu ya kioo ili aone kama imepinda. Ncha zake alizisugua kwa tupa na msasa mpaka zikawa laini, maana ncha yenye makwaruzo huikwangua pistoni na kuipigisha kelele. Grisi aliitia kwa ncha ya kidole. Ngozi ilikatwa na fundi viatu wa sokoni, ikalowekwa katika mafuta usiku kucha, ikakamuliwa asubuhi. Sijaona saa iliyotunzwa kwa adabu kubwa kuliko hiyo.

Kulenga nako kuna kinyume chake. Pistoni ikienda mbele, bunduki hurudi nyuma. Pistoni ikigota, bunduki huchupa mbele. Na hayo yote hutokea kabla chembe haijatoka mtutuni. Kwa hiyo anayeikumbatia kwa nguvu hukosa, na anayeilaza juu ya kiganja kilicholegea hupata. Askari wastaafu huliona jambo hili kuwa upuuzi mpaka walijaribu.

Mjomba alifariki mwaka 2011, bunduki ikawa yangu. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Malalamiko juu ya mateso ya raia yalifika Bungeni, na kabla ya mwaka kwisha mawaziri wanne walikuwa wametoka madarakani. Siku zile, katika mkoa wenye Hifadhi ya Katavi na mafundi wa magobore vijijini, mwenye bomba la chuma uvunguni hakulala. Mke wa marehemu alinishauri niitumbukize chooni. Nilikataa, nikaipeleka kituoni mchana, mikononi, ikaandikwa. Wapo wasemao kuwa hiki ni kichezeo cha watoto. Mimi naona chombo kiwezacho kutoboa jicho la mtu kina haki ya kuitwa silaha, na mwenye silaha ajulikane.

Kijana wa jirani yangu haoni hivyo. Amenisihi mara nyingi niitie kamani kali zaidi, apate kupiga kanga kandokando ya msitu. Nimemweleza kuwa kamani kali huongeza mchupo kuliko shabaha. Kuwa Wajerumani huridhika na jouli 7.5 na Waingereza na 16 kwa bunduki isiyohitaji leseni. Kuwa kanga aliyejeruhiwa hufia kichakani bila kumfaa mtu. Na kuwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila leseni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mzee, wewe una mshahara.”

Neno hilo sikuwa na jibu lake, wala sidhani kuwa lina jibu katika silinda ya bunduki. Hifadhi ile, iliyoanzishwa mwaka 1974 na sasa yenye kilomita za mraba 4,471, huwafaa wageni watazamao viboko wa mto Katuma kwa urahisi zaidi kuliko imfaavyo yeye. Kamani hata hivyo sikuibadili.

Siku hizi huja Jumamosi kupiga makopo ya maziwa kwa hatua ishirini. Ngozi ya mwisho aliikata yeye, na imehimili masika mawili. Kamani ya zamani imepungua urefu kwa upana wa kidole, nayo hutuma chembe polepole hata jua likiwa nyuma yetu twaweza kuiona ikienda.