Programu ya Houston, Kirikuu ya Gerezani

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia simu ya video kutoka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nyuma yake kirikuu inapiga honi na makuli wanabishana nani ashike friji upande wa chini. Ana Canter mbili na kirikuu moja, anahamisha watu na ofisi, na amechoka na kaunta buku. Tulikuwa na miadi na muuzaji wa programu ya kampuni za kuhamisha mizigo, kijana wa Kimarekani. Mdogo wangu akauliza swali moja tu: "Mteja akinilipa kwa lipa namba, hiyo pesa inaingiaje humu?" Muuzaji akajibu kwamba mfumo wao unapokea kadi zote kubwa. Mdogo wangu akauliza tena, kwa upole uleule. Akapewa jibu lilelile. Nilikasirika, na hadi naandika haya hasira haijaniisha.

Na programu zenyewe ni nzuri, hilo siwezi kulikana, maana ndizo zinazoniendeshea kazi hapa Houston. Napanga malori na vikosi vya wabebaji. Mteja akipiga simu, mfumo unaniongoza chumba kwa chumba: kochi, kitanda, mashine ya kufulia, maboksi ya vitabu. Kila kitu kina ujazo wake kwa futi za ujazo. Mfumo unazidisha kwa pauni 7 kwa kila futi ya ujazo, uzito unatoka, bei inatoka, na makadirio yanamfikia mteja kwa barua pepe kabla hatujaagana. Siku ya kuhama, kiongozi wa kikosi anashika tableti. Anapiga picha ya mkwaruzo wa meza kabla meza haijaguswa, mteja anasaini kwa kidole kwenye kioo. Naipenda mno picha ile ya mkwaruzo. Watu wawili ambao wangegombana jioni wanaagana kwa kupeana mikono.

Lakini mpangilio huo haukutoka kichwani mwa waandishi wa programu. Umetoka kwenye sheria. Anayehamisha mizigo ya nyumbani kuvuka mpaka wa jimbo husajiliwa na FMCSA, idara ya serikali kuu inayosimamia malori na mabasi, na namba yake ya USDOT huandikwa ubavuni mwa gari. Ni lazima ampe mteja makadirio kwa maandishi. Makadirio yasipokuwa ya bei iliyofungwa, mzigo ukifika hawezi kudai papo hapo zaidi ya asilimia 110 ya alichokadiria. Mteja akichagua fidia ya chini kabisa, isiyolipiwa, kitu kikivunjika hulipwa senti 60 kwa kila pauni ya uzito wake: televisheni ya pauni 50 ni dola 30, basi. Ukikaa na programu hizi siku nyingi unaziona kanuni hizo nyuma ya kila kisanduku cha skrini. Ukizihamishia Dar kama zilivyo, umenunua mifupa ya sheria za nchi nyingine.

Nyumbani mnajua mambo yanavyokwenda. Mama alipohama Magomeni kwenda Mbagala, bei ilikubaliwa barazani mbele ya majirani. Kufika Mtoni kwa Aziz Ally gari likasimama. "Mama, mzigo huu siyo ule tulioongea." Godoro liko juu, kabati limelazwa, jua linawaka, utabishana nini? Mama akaongeza. Kufika Mbagala makuli nao wakadai ya kushusha, kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya kupakia. Kioo cha kabati la vyombo kikatoka vipande viwili, na hakuna aliyejua kimevunjikia wapi. Mama bado anakitaja kioo kile kila akisikia jina la Mbagala.

Kinachoniuma zaidi ni hao makuli. Houston kila mbebaji yumo kwenye mfumo, jina lake, saa zake, ujira wake. Kariakoo kuli anaitwa kwa mluzi, analipwa mkononi, na akiteguka mgongo kwenye ngazi za ghorofa ya nne hakuna karatasi inayosema alikuwepo. Tena Kariakoo! Mahali ambapo Waingereza, baada ya kuiteka Dar mwaka 1916, waliweka kambi ya kikosi chao cha wabeba mizigo, na wabebaji wengi mno wa vita ile wakazikwa bila jina kuandikwa popote.

Basi mdogo wangu anahitaji nini? Malipo ya simu, kwanza. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, kwa sababu TRA, mamlaka ya mapato, hawatanii, na siku hizi kuna VFD inayotoa risiti hiyo kupitia simu au kompyuta; programu isiyoongea nayo itamfanya aandike kila kitu mara mbili. Anwani pia. Programu ya yule muuzaji iligoma kuendelea bila postikodi. Tunazo, operesheni ya anwani za makazi ya 2022 ilitupa hadi namba za nyumba, lakini dereva bado atauliza "karibu na nini?", na panahitajika pa kuandika msikiti, kituo cha daladala, au kubandika ramani ya WhatsApp. Halafu kuna tatizo la malipo ya dola kila mwezi kwa kila mtumiaji, wakati mapato ni ya shilingi.

Mume wangu anasema kwa gari tatu Excel inatosha. Ana hoja, ila Excel haimkumbushi dereva kupiga picha ya kioo cha kabati. Mimi naelekea kwenye Odoo ya Wabelgiji au ERPNext ya Wahindi, ambazo unaweza kuanza nazo bila kulipia leseni, na fundi wa hapo hapo Dar akaongeza kisanduku cha majina ya waliobeba.

Wewe mwenye Canter unayesoma hapa, usilipie mwaka mzima kwa sababu ya slaidi nzuri. Omba mwezi wa majaribio, na simu mpe dereva, usimpe karani. Ahamishe nyumba moja kutoka Sinza hadi ghorofani Kariakoo, apige picha, apokee kwa lipa namba, atoe risiti, aandike jina la kila aliyebeba na alicholipwa. Akikwama njiani, usinunue.