Wosia kwa Wajukuu Wanaobaki na Meza Yangu ya Ufundi

Wajukuu zangu,

Macho yangu hayazioni tena njia nyembamba za shaba kwenye bodi, kwa hiyo meza nawaachieni. Shikeni hili kuliko yote niliyowafundisha: laptopu huuawa na umeme unaopita ndani ya maji, zaidi ya maji yenyewe. Hapa Sumbawanga tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na baridi ya Juni na Julai humweka kila mtu na kikombe cha chai au uji wa ulezi kando ya kibodi. Vitamwagika tu.

Vikimwagika, mtu hukimbilia kitambaa. Mwambieni kitambaa kisubiri. Azime swichi ya ukutani, achomoe chaja kwa mkono mkavu, kisha ashikilie kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime, hata kama kazi yake haijahifadhiwa. Betri ikiwa ya kuchomoka, aichomoe. Halafu aifunue mashine na kuigeuza kifudifudi, isimame kama paa la nyumba. Sasa afute.

Na asiwashe kujaribu! Nyingi nilizopokea zilikufa kwa jaribio hilo la asubuhi ya pili. Maji hukauka, lakini sukari na maziwa hubaki vikivuta unyevu, hasa msimu wa mvua. Mkifungua mtakuta ukungu wa kijani umezunguka tundu la chaja, na miguu ya vipande vidogo imelika. Wazee wetu wa Ufipa walioyeyusha chuma kwenye malungu, yale matanuri marefu ya udongo, waliijua kutu ya miaka. Hii ya shaba yenye umeme huanza ndani ya saa chache.

Wala asiikaushe kwa kuifukia kwenye mchele au kuiweka juu ya jiko la mkaa. Mchele hauvuti maji yaliyo chini ya bodi, tena huacha vumbi la wanga. Jiko la mkaa ni hatari, maana betri ya lithiamu haivumilii joto.

Ikifika mezani, tenganisheni betri kwanza, ndipo msugue bodi kwa brashi laini na spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Mwulizeni mwenyewe alimwaga nini, kwa upole. Kijana aliyeazima mashine ya mwalimu wake atasema maji, na bodi inanuka maziwa. Msimwaibishe, hofu ndiyo iliyomfanya akae nayo siku tatu uvunguni.

Bodi ikishindikana, diski mara nyingi huwa nzima. Itoeni, mmwokolee mtu kazi yake, na kwa hilo msimdai mwanafunzi hata shilingi.

Babu yenu