Jongoo wa Baharini

Katika viumbe vya bahari yetu, sidhani kama yuko aliyenyimwa uzuri kuliko jongoo bahari. Hana jicho wala pezi; hulala mchangani kama mfuko wa ngozi uliojaa maji. Wako hata ambao wakisumbuliwa hutapika matumbo yao, kisha wakaota mengine.

Mimi ni mtu wa pwani, wala sijamla. Rafiki yangu wa bara aliniuliza kwa nini twadharau riziki iliyo mlangoni petu. Sikumjibu, maana mchana ule ule alikuwa ameisukuma kando sahani ya pweza niliyomwandalia!

Wachina hawamdharau. Kwao ni chakula cha karamu na cha heshima, tena hudhaniwa ni dawa. Ladha yake mwenyewe ni haba. Hunywa ladha ya mchuzi anaopikiwa, na sifa yake ni ule ulaini wake mdomoni. Kwa ajili yao mabaharia wa Makassar walivuka bahari mpaka kaskazini ya Australia kumtafuta, hata safari hizo zikakoma mwaka 1907.

Kwetu Kenya huvuliwa Gazi, Vanga na kwingineko. Hupasuliwa, hutolewa matumbo, huchemshwa, hutiwa chumvi, huchemshwa tena, kisha huanikwa juani hata akakauka kama gome la mti. Ajabu ni kwamba anayemchemsha haonji hata kipande. Mnunuzi huwachagua kwa aina, na wale waitwao pauni ndio wenye bei.

Lakini jongoo ana kazi nyingine. Humeza mchanga, akala uchafu uliomo, akautoa ukiwa safi. Tena dume na jike hawakutani. Kila mmoja humwaga mbegu zake majini, nao wakiwa mbalimbali mno, mbegu hupotea bure. Basi hawaishi kwa kuvuliwa wa mwisho. Huisha mapema, wangali wakionekana mmoja mmoja.

Mwaka 2003 Kenya ilikataza kumzamia kwa mitungi ya hewa, na mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kuidhibiti biashara ya pauni. Hata hivyo, mzamiaji mwenye deni dukani atamwachaje mdogo akue? Asipomchukua leo, mwenziwe atamchukua kesho. Simlaumu. Penye maji ya magotini wamekwisha kuadimika, naye huwafuata kilindini kwa pumzi ya kifua chake.