Kuunga nyaya za pikipiki

Katika Kivu yetu pikipiki imekuwa miguu ya watu wengi. Yachukua mgonjwa, gunia la mihogo, mwalimu, hata mlango mpya wa seremala. Lakini waya wake ukikatika, wengi huzisokota ncha mbili kwa vidole, huzizungushia kipande cha nailoni, kisha hao wamekwenda zao.

Jirani yangu mmoja alikuwa akimpeleka mkewe kujifungua, usiku, mvua ikinyesha. Walipokuwa wakiteremka kuelekea darajani, taa ilizimika ghafula. Alishika breki, wakashuka, na yule mama akaenda kwa miguu hata mlango wa hospitali, mkono mmoja begani mwa mumewe. Kesho yake niliifungua pikipiki ile. Chini ya usukani nilikuta kiungo cha kusokotwa, na shaba yake imegeuka unga wa kijani.

Si ajabu. Umeme wa betri ya volti 12 si mwingi hata tuupoteze njiani. Taa ya wati 35 yataka karibu ampea 3. Kiungo kibovu chenye ukinzani wa nusu omu tu hula volti moja na zaidi, na nguvu hiyo hugeuka joto pale pale. Taa hufifia, naye mwenye pikipiki hununua balbu mpya, kisha betri mpya, bure kabisa. Wako waliomaliza karo ya watoto kwa njia hiyo.

Basi, ndugu msomaji, kwanza ondoa waya wa hasi wa betri. Kata sehemu yote iliyoingia kutu mpaka uone shaba ing'aayo. Waya ukiwa mfupi, ongeza kipande chenye unene ule ule, wala usiuvute kwa nguvu. Kabla ya kuunga, uvike waya ule mrija wa plastiki unaonywea kwa joto. Hata mafundi wazee huusahau, wakaanza upya wakinung'unika. Kisha pishanisha ncha mbili, na kila moja izungushwe juu ya mwenzake mara nne au tano na kukazwa. Ndivyo walivyounga mafundi wa telegrafu wa Western Union huko Marekani katika karne ya 19: waya ukivutwa, kiungo hujikaza zaidi.

Ndipo ije risasi iliyochanganywa na bati, iyeyukayo kwa joto la digrii 190 hivi. Pasha shaba joto, si risasi; shaba ikipata joto la kutosha huinywa yenyewe. Dawa ya kusafishia iwe ya utomvu wa msonobari, kamwe isiwe asidi ya mafundi wa mabati, maana hiyo huendelea kula waya hata wewe umelala.

Wako wasiopenda risasi. Wasema waya ulioinywa hukakamaa, na ukitikiswa hukatika pale ugumu unapokoma. Wasema kweli. Viwandani hutumia vibanio vya shaba vinavyobanwa kwa koleo lake maalumu, na kiungo cha namna hiyo ni kizuri sana. Lakini kibanio cha bei rahisi, kilichobanwa kwa koleo la kawaida, mimi sikitumaini hata siku moja. Nachagua risasi, kisha naufunga waya kwenye chuma cha pikipiki pande zote mbili za kiungo, usipate kucheza. Wala siweki kiungo chini ya usukani, mahali waya upindwapo kila kona. Na nyaya mbili zikikatika pamoja, viungo vyake visikae bega kwa bega.

Sasa vuta mrija, ufunike kiungo, uupashe joto mpaka ushikamane. Asiye na mrija atumie utepe wa mafundi wa umeme, auzungushe toka chini kwenda juu, kama tuezekavyo nyumba kwa nyasi, maji yapate kuteremka bila kuingia.

Rudisha waya wa betri, washa injini na taa, geuza usukani kulia na kushoto hata mwisho, tena kivute kiungo kwa vidole. Taa ikikonyeza hata mara moja, kata, uanze tena.