Mimi na Chama Siyo Wachumba

Tura sikukutana na mtu aliyeniambia anaipenda CCM. Sikukutana pia na aliyeniambia kwamba CCM itashindwa 2030. Nilikaa siku sita, nikaongea na wakulima wa tumbaku, wauza asali, vijana wa bodaboda na wazee waliostaafu reli, na jibu lilikuwa lilelile: chama kimechokwa, na chama kitashinda. Waliyasema yote mawili kwa pumzi moja, kama mtu anayesema jua ni kali na jioni litazama. Mimi naandika habari za uchaguzi tangu 2015, na masikioni mwangu maneno hayo mawili bado yanagombana.

Kwa asiyepajua, Tura ni kata ya Wilaya ya Uyui, mashariki mwa Mkoa wa Tabora, kituo cha Reli ya Kati ukishaiacha Singida. Zamani za misafara hapa palikuwa lango la Unyamwezi. Wapagazi waliotoka pwani walivuka Ugogo, wakaingia pori la Mgunda Mkali ambako maji yalikuwa ya kubahatisha, wakatokea hapa. Richard Burton, aliyepita 1857, aliandika kwamba jina lenyewe lina maana ya "tua", yaani shusha mzigo. Burton aliandika mengi ya ovyo kuhusu watu wetu, lakini kwa hili sina ugomvi naye.

Nilifikia kwa baba yangu mdogo. Alifanya kazi reli miaka zaidi ya thelathini, na ana kadi ya CCM tangu chama kizaliwe 1977. Jioni ya kwanza, baada ya shikamoo na ugali, nikamuuliza bila kuzunguka: Bamdogo, hivi wewe CCM unaipenda?

"Mwanangu, mimi na chama siyo wachumba."

Akanieleza kwa utaratibu wa mtu aliyezoea ratiba. Lami ya kutoka Itigi kwenda Tabora imekuja chini ya nani? Majina ya mbolea ya ruzuku yanapita kwa nani? Ukitaka barua ya utambulisho, mhuri uko kwa nani? Balozi ni wa chama, mwenyekiti wa kitongoji ni wa chama, wa kijiji ni wa chama. Hilo la mwisho siyo kutia chumvi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya vijiji nchini. Kwa bamdogo, kuuliza kama unaipenda CCM ni kama kuuliza kama unaipenda mvua. Unaweza kuilaani ikichelewa, lakini utalima na nani?

Mwanawe alikuwa amekaa pembeni akitengeneza mnyororo wa pikipiki. Ana miaka ishirini na minne. Hakuinua kichwa. Nilipomgeukia akasema tu, "Kaka, mimi wameshanipigia. Sisumbuki." Kisha akatoka.

Nitawaeleza kwa nini wawili hawa hawaongei, ila kwanza niipite Tabora, maana bamdogo naye hujibu kila hoja kwa kuipitia huko.

Januari 1958 wajumbe wa TANU kutoka Dar es Salaam walipita na treni hapa Tura wakielekea mkutano mkuu. Njia ya reli ni hii moja, hawakuwa na nyingine. Serikali ya Gavana Twining ilikuwa imeandaa uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ili uandikishwe ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango fulani, au cheo. Nchi nzima waliandikishwa takriban watu 60,000. Na serikali ilikuwa na chama chake cha moyoni, UTP, kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za gavana huyohuyo. Wananchi hawakukitaka.

Wajumbe wengi walifika Tabora wakitaka kususia, na ukitazama masharti yale huwezi kuwashangaa. Nyerere akawageuza. TANU ikakubali kuingia, ikasimamisha Waafrika wake na kuwaunga mkono Waasia na Wazungu walioafikiana nayo. Zuberi Mtemvu akakataa, akajitoa, akaanzisha African National Congress. Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. TANU na wale iliowaunga mkono wakazoa viti vyote. UTP haikupata hata kimoja, na haikuchukua muda ikafa. Vitabu vya shule vinaliita tukio lile Uamuzi wa Busara.

Kwa hiyo chama cha watawala kisichopendwa kimewahi kushindwa nchi hii, tena kwa sanduku la kura lililochongwa kwa ajili yake. Bamdogo anaipenda hadithi hii kuliko anavyokipenda chama. Ndiyo fimbo yake kwa Chadema: "Mwalimu aliingia kwenye matope akatoka na mavuno. Hawa wa kwako wamekaa kando wakalia." (Eti wa kwangu. Kwa bamdogo kila mwandishi wa habari ni Chadema.)

Nimeifikiria fimbo hiyo sana, na naiona ina ufa katikati. Twining alikuwa na chama chake, lakini kura zilihesabiwa. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, wajumbe wa Umoja huo walikuwa wakija kuikagua, na London ilipaswa kutoa maelezo. Mwamuzi alikuwa na timu yake, sawa, ila alikuwa na wa kumwogopa. Nyerere aliwashawishi wenzake waingie kwenye matope kwa sababu ng'ambo kulikuwa na shamba. Ukimwambia mtu leo avuke matope, ana haki ya kuuliza kama shamba bado lipo.

Tazama 2025. Chadema ilisema bila mabadiliko hakuna uchaguzi. Aprili mwenyekiti wake, Tundu Lissu, akakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na mwezi huohuo Tume ikasema chama kisichosaini kanuni za maadili hakitashiriki. Waliosoma Kusadikika walimkumbuka Karama, aliyeshtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria. ACT-Wazalendo wao walitaka kuingia, wakafanya kila kilichotakiwa, na mgombea wao Luhaga Mpina akaenguliwa. Yaani aliyesusia yuko nje na aliyekubali kuingia yuko nje. Busara ya 1958 ingekaa wapi hapo?

Tarehe 29 Oktoba watu walitoka mitaani, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Watu waliuawa. Tume ilimtangaza Rais Samia kwa asilimia 97.66. Waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa SADC, ambao kwa desturi ni watu wa maneno laini, walisema uchaguzi haukufikia viwango. Mara ya mwisho nchi hii kuwa na mgombea wa upinzani kwenye karatasi na mshindi wa namna hiyo ilikuwa 1962: Nyerere zaidi ya asilimia 98, Mtemvu kura zisizofika 22,000. Lakini mwaka ule hakuna aliyekuwa na shaka nani anapendwa.

Binamu yangu siku hiyo alikuwa Dar, anaendesha bodaboda. Bamdogo aliamka alfajiri huku Tura, akavaa kofia yake ya kijani, akaenda kupiga kura. Mchana simu ya mwanawe ikawa haipatikani. Ikawa haipatikani kesho yake, na keshokutwa. Siku ya sita kijana alipiga kwa namba ya mtu mwingine: yuko hai, pikipiki haipo, anarudi nyumbani. Alichokiona hajasimulia, na mimi sikumlazimisha. Siku aliyofika alikuta kofia imetundikwa ukutani pale inapotundikwa siku zote, na tangu hapo anamsalimia baba yake, basi. Bamdogo hajaitoa kofia. Aliniambia, taratibu, mwanawe akiwa hayupo, kwamba akiitoa itakuwa kama amekiri jambo asilolifanya.

Sasa 2030. Katiba haimruhusu Rais Samia kugombea tena, kwa hiyo CCM italeta sura mpya, na hapo ndipo ninapowaelewa watu wa Tura. Mwaka 2015 chama kilikuwa kimechokwa vibaya. Sakata la Escrow lilikuwa bado linanuka na Edward Lowassa alikuwa amehamia upinzani na umati wake. Kikamleta Magufuli, ambaye kwenye kampeni alijiuza yeye kuliko chama. Alipata asilimia 58, Lowassa karibu 40. Hata ukipunguza unachotaka kupunguza, mamilioni walimpigia mtu huyu huku wakikisonya chama chake. CCM inajua kuwa mpinzani wa CCM kila baada ya miaka kumi. Kwa hiyo ndiyo, chama kisichopendwa kinaweza kushinda hata kwa kura zilizohesabiwa. Moi alifanya hivyo Kenya: asilimia 36 mwaka 1992, asilimia 40 mwaka 1997, kwa sababu wapinzani waligawana zilizobaki. Walipoungana 2002, KANU ikaanguka. Botswana, chama kilichotawala tangu uhuru wa 1966 kiliondolewa 2024 na asubuhi yake watu wakaenda kazini.

Ila ushindi wa aina ya 2015 una gharama. Lazima umtafute mtu wa kuaminika, ukubali kuzomewa, ukubali upinzani upate majimbo. Ndani ya Tabora hii CUF ilichukua Kaliua mwaka huo. Chama kilichoonja asilimia 97 kitarudi vipi kuhangaikia 58? Hofu yangu ni kwamba misuli ile imelala.

Na ukiona umedhulumiwa kura za urais, huna pa kwenda. Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema Tume ikishatangaza Rais, hakuna mahakama inayoweza kuchunguza. Mahakama ya Afrika, iliyopo Arusha kwetu wenyewe, ilisema 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Bado kipo. Mwaka huohuo majaji wa Malawi walifuta uchaguzi wa rais, ukarudiwa, aliyekuwa madarakani akaondoka.

Nilimsimulia bamdogo habari ya Malawi usiku wa mwisho. Alinyamaza muda. Kisha akauliza yule rais wa Malawi aliyeondoka alikwenda wapi, na kama walimfunga. Nikamwambia hapana, alikaa nyumbani kwake, 2025 akagombea tena, akashinda. "Kwa kura?" Kwa kura. Kijana alikuwa mlangoni, sijui alikuwa amesimama tangu lini. Akasema, "Mwulize kama watu wake walimpigia kwa sababu ya barabara," na ingawa alinitazama mimi, ndiyo sentensi ndefu kuliko zote niliyomsikia akimwelekezea baba yake.