Kabla ya kuchora njia za basi, hesabuni kwanza wanaotembea kwa miguu

Ndugu wasikilizaji, na ninyi familia mliohama makwenu mnaotufuata kwa simu, juma hili sikuja na habari ya mkutano peke yake. Nitawaelezea pia jambo la nyumbani kwetu. Nilipokuwa nimeketi katika mkutano ule na daftari yangu, niliona mambo hayo mawili hayatengani.

Mkutano ulikuwa juu ya parking mpya ya mabasi inayofikiriwa upande wa Quartier Industriel, katika komini ya Kampemba, hapa kwetu Lubumbashi. Wazo si baya. Leo basi nyingi zinaelekea katikati ya mji. Mtu anayetoka Katuba au Kenya kwenda kazini viwandani anapita kwanza mjini, anashuka, anatafuta gari nyingine, ndipo anavuka reli. Hata anayetoka Ruashi, ambako viwanda haviko mbali sana, mara nyingi anapelekwa mpaka mjini kisha anarudishwa nyuma. Kukiwa na mahali pa kubadilishia basi karibu na viwanda, mjini kutapungua msongamano, na watu watafika kazini mapema.

Ukutani walibandika ramani kubwa. Mistari myekundu, ya buluu na ya kijani ilitoka kwenye parking na kwenda kila upande. Mtaalamu alieleza vizuri, bila haraka, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainuka, nikasogea karibu na ramani, nikatafuta njia ya yaya wangu. Haikuwepo.

Sisi tulifika Lubumbashi mwaka 2006, tukitoka upande wa Mitwaba. Nilikuwa na miaka 14. Jeshi na Mai-Mai walikuwa wamepigana huko, vijiji vikachomwa, watu wakalala porini. Tulifika juu ya lori, tumekaa kwenye magunia: mama, yaya na mimi. Hatukuwa na ndugu mjini. Mtu mmoja akamwonea mama huruma, akatuweka katika lupango lake, ndani ya nyumba ambayo haikuwa na milango, ili tuilinde mpaka atakapopata pesa za kuimaliza.

Wengi wenu mnayajua maisha hayo. Kodi hulipi, lakini siku mwenye lupango anapoleta mafundi wa kupiga bati, unafunga vitu vyako unahama. Unatafuta nyumba nyingine isiyokwisha, na nyumba za namna hiyo ziko pembezoni mwa mji, ambako viwanja bado vipya. Sisi tulihama mara nne. Kila mara tulikwenda mbali zaidi, mahali ambapo alama ya njia si jina la avenue bali kichuguu kikubwa au mwembe. Basi haifiki huko.

Yaya alipata kazi katika kiwanda kimoja cha Quartier Industriel, ya kufunga bidhaa kwenye katoni. Alikuwa anaingia saa nane mchana na kutoka saa nne usiku. Pesa zake ndizo zilizonilipia shule ya sekondari, na baadaye sehemu ya masomo yangu ya uandishi wa habari. Kwenda kazini alitembea. Kurudi pia alitembea, kwa kuwa saa ile basi hakuna, na moto usiku huo ingemla karibu kila alichopata mchana.

Wazee wa hapa watasema zamani haikuwa hivyo, na ni kweli. Reli ilifika hapa mwaka 1910, na mwaka uliofuata Union Minière ikaanza kuyeyusha shaba. Kampuni ilijenga kambi karibu na kazi. Wakoloni waliuchora mji kwa kutenganisha watu: weupe upande wao, weusi upande wao kule ambako leo ni Kamalondo, na katikati uwanja mtupu. Ulikuwa mpango wa ubaguzi. Lakini mfanyakazi wa kampuni alijua atalala wapi, na kambi yake haikuwa mbali na kazi. Gécamines nayo iliendelea na zile kambi. Halafu ikaanguka katika miaka ya 1990, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baada ya sheria ya madini ya mwaka 2002, kampuni za watu binafsi zilifika nyingi. Nyingi kati yake hazijengi kambi. Zinakuandika kazi, mara nyingine kwa siku tu, na habari ya unalala wapi ni yako mwenyewe.

Kwa hiyo njia za kwenda kazini zimegeuka kabisa, na anayetaka kuchora njia za basi lazima ajue watu wanatoka wapi sasa. Wataalamu wanajua hilo. Ndiyo maana kabla ya mkutano walituma wanafunzi kuhesabu abiria.

Asubuhi moja niliwafuata wanafunzi hao ili nipate sauti za kuweka kwenye redio. Walikuwa wawili, kila mmoja na karatasi zake, wamesimama kwenye kituo cha basi. Walianza saa moja asubuhi. Gari ikisimama, wanaandika wangapi wameshuka na wangapi wamepanda. Walifanya kazi yao kwa bidii na sina neno juu yao. Lakini ng'ambo ya barabara, kwenye kijia cha vumbi kando ya ukuta wa kiwanda, watu walikuwa wanapita kwa miguu, mmoja nyuma ya mwingine: mabibi wenye beseni kichwani, vijana wenye viatu vya kazi vimefungwa shingoni ili visichakae, walinzi wanaorudi kulala. Nilimuuliza mwanafunzi mmoja, "Na wale, unawaandika wapi?" Akatazama karatasi yake, akasema, "Kaka, wale si abiria. Sisi tunahesabu abiria."

Alijibu ukweli. Karatasi haikuwa na mahali pao. Asiyepanda basi kwa sababu basi haipo, au kwa sababu nauli imemshinda, anaandikwa sifuri. Na penye sifuri hakuna mtu atakayechora mstari. Kwa hiyo basi haitakuja kwake, ataendelea kutembea, na wakihesabu tena mwaka kesho atakuwa sifuri vilevile.

Hapo nilimkumbuka yaya na ule usiku wa mwezi wa kumi na mbili. Mvua ilikuwa imenyesha jioni nzima na udongo mwekundu ulikuwa unateleza. Ilikuwa siku ya malipo. Watu waliomvizia nyuma ya ukuta walijua hivyo, kama wanavyojua hata leo. Walichukua pesa za mwezi, simu na viatu. Alifika nyumbani saa nane za usiku, miguu imechanika, akakaa mlangoni bila kusema. Mama akamwosha miguu. Kulipokucha alisema neno moja tu: "Sirudi." Akaacha kazi, nami nikakaa nje ya shule mwaka mzima. Tangu siku ile anauza vitumbua mbele ya geti za viwanda, anaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anarudi kabla ya giza. Bado anatembea.

Siwaelezi haya ili mumlilie. Yaya mwenyewe hapendi kulia-lia. Nawaeleza kwa sababu nilipoomba neno katika mkutano ule, hayo ndiyo niliyosema, kisha nikauliza maswali matatu.

La kwanza lilikuwa juu ya saa. Viwanda vingi vinabadilisha watu saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Tuchukue mfano mwepesi. Basi inayokwenda na kurudi kwa saa moja, kama unataka ipite kila dakika 10, unahitaji basi sita. Kama kila moja inabeba watu 18, kwa saa moja umebeba watu 108. Sasa kiwanda kimoja kikifungua geti na watu 300 wakatoka pamoja, wa mwisho atasubiri karibu saa tatu. Saa nane mchana hilo ni tabu. Saa nne usiku ni hatari. Kwa hiyo haitoshi kusema njia fulani ina basi sita. Useme pia ni saa ngapi.

Swali la pili lilikuwa juu ya nauli. Kubadilisha basi, kwa namna tunavyoendesha mambo hapa, ni kulipa mara mbili. Leo tayari dereva anakata njia katikati, anawashusha watu na kuwadai tena, na tunalalamika. Parking mpya bila tiketi moja ya safari nzima itakuwa kukata njia kwa ruhusa. Mama anayeuza vitumbua akipanda basi mbili kwenda na mbili kurudi, faida yake imekwisha kabla hajanunua unga.

Swali la tatu lilikuwa juu ya usiku, na hapo alijibu dereva mmoja aliyekuwa ameketi nyuma. Alisema, "Msitulaumu bure. Jioni lazima nimpe mwenye gari versement yake. Saa nne usiku ninajaza gari kutoka viwandani, lakini narudi na viti vitupu. Mafuta ni ya nani?" Watu wakacheka, lakini alisema kweli. Kama tunataka basi ya usiku, lazima tuseme wazi nani atalipa zile kilomita za viti vitupu. Baba mmoja anayewakilisha wafanyakazi akapendekeza viwanda vya barabara moja vichangie pamoja basi ya zamu ya usiku, badala ya kila kimoja kusema hakina uwezo. Hakuna aliyekataa, hakuna aliyekubali. Waliandika.

Kilichonigusa kilitokea mwishoni. Yule mtaalamu aliniita pembeni. Hakukasirika. Aliniuliza kama ninaweza kumwonyesha njia za wanaotembea. Nikamwambia mimi nimezisahau, ila yuko anayezijua.

Siku mbili baadaye, saa kumi na moja alfajiri, mtaalamu na mwanafunzi mmoja walitukuta kwenye kichuguu. Yaya alikuwa na beseni lake kichwani. Alimsalimu mzee kwa heshima, akamwangalia viatu vyake vizuri, akamwambia, "Baba, leo vitachafuka." Tukatembea. Alionyesha mahali ambapo watu wanavuka reli bila kivuko. Alionyesha ukuta usio na taa, ule ambao kila mtu anaupita mbio. Mwanafunzi alikuwa anaandika kila aliyetupita. Akajaza ukurasa wa kwanza, akageuza, akajaza wa pili. Jua lilikuwa bado halijatoka. Wale ambao karatasi ya kwanza iliwaita sifuri walikuwa wengi hivyo.

Sitawadanganya kwamba ramani imebadilishwa. Ile inayobandikwa ukutani ni ileile. Lakini tumeambiwa kutakuwa na kuhesabu kwingine, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na usiku saa nne wakati geti zinafunguliwa. Nitakuwepo na nitawapasha habari.

Sasa neno kwa familia zilizohama, wale wa Mitwaba na Pweto, wa Manono, wa Kasaï, na ninyi mliofika juzi kutoka Kivu. Najua mnaogopa karatasi. Mtu akija na kalamu mnafikiri ni kodi, au ni mwenye lupango anataka kuwaondoa. Sisi pia tulijificha. Mama alikuwa anatuambia, "Mkiulizwa mnaishi wapi, semeni ni wageni tu." Lakini atakayewauliza habari ya basi hahitaji jina lenu wala namba ya nyumba. Anahitaji mambo matatu: unatoka upande gani, unakwenda upande gani, unaondoka saa ngapi. Mwambieni. Na kama hamtaki kumwambia yeye, nitumieni ujumbe wa sauti kwenye redio, bila jina, nami nitaufikisha mkutanoni.

Yaya naye aliniuliza jana, akikanda unga, kama ile parking itakuwa na kivuli na mahali pa kuuzia. Nikamwambia sijui, hilo sikuliuliza. Akanitazama kama anavyonitazama tangu utotoni nikikosea. Basi nimeliandika kwenye daftari. Ni swali langu la nne.

Kutoka Lubumbashi, ni mimi mwandishi wenu.