Rada Iliona, Mjomba Amelala

Ukiniona asubuhi nimesimama kando ya barabara nikisikiliza honi za matatu, usidhani nimerukwa na akili. Kisa ni mjomba wangu.

Mjomba anaishi Bowling Green, mji ulioko jimbo la Kentucky, Marekani. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021, saa saba na dakika chache hivi, mji huo ulipigwa na tornado. Tornado si hiki kisulisuli kinachopeperusha karatasi uwanjani mwetu tukacheka. Ni upepo unaozunguka kutoka mawinguni hadi chini, nao hung'oa nyumba. Huku kwetu ilikuwa saa nne asubuhi, Jumamosi, nami nilikuwa nafua sare yangu bila habari.

Alipokuja nyumbani mwaka jana alitusimulia. Alikuwa amelala fofofo. Simu ikalia kwa mlio wa ajabu, akadhani ni kengele ya kumwamsha aende kazini. Akaizima, akageukia ukutani! Aliyemwokoa ni jirani yake, mama mmoja kutoka Kongo, aliyegonga mlango kwa ngumi akipiga mayowe, "Baba, lamuka! Lamuka!" Wakajibanza bafuni, mahali pasipo na dirisha. Stima zilikuwa zimepotea, nje giza totoro. Nyumba yao ilipoteza paa tu, lakini mjini humo watu zaidi ya kumi waliaga dunia.

Sasa, kama giza lilikuwa totoro, ni nani aliyeiona tornado akatuma onyo? "Ni rada," mjomba akanijibu. Basi nikamwuliza mwalimu wetu wa fizikia rada huonaje upepo gizani. Wenzangu wakaangua kicheko, lakini mwalimu hakucheka. Alitutoa darasani hadi langoni, akasema tungoje. Punde si punde matatu ikaja mbio, honi mfululizo. Ilipokuwa ikija sauti ilikuwa nyembamba. Ilipotupita tu, ikawa nzito. "Dereva hajabadilisha honi," mwalimu akasema.

Jambo hilo lilielezwa na Christian Doppler mwaka wa 1842. Rada hutuma mawimbi ya redio, yakagonga matone ya mvua na kurudi. Tone linalokuja huyarudisha yamebanana kidogo, na linalokwenda huyarudisha yametawanyika. Kompyuta hupaka kijani yanayokuja na nyekundu yanayokwenda. Ukiona kijani na nyekundu zimebanana ubavu kwa ubavu ndani ya wingu moja, jua hapo hewa inazunguka: upande huu inakuja, upande ule inakimbia. Usiku na mchana kwa rada ni mamoja. Wanasayansi wa Oklahoma waliipata alama hiyo katika tornado iliyopiga Union City tarehe 24 Mei 1973, na leo Marekani ina rada za namna hii zipatazo 160.

Lakini nayo ina upungufu. Dunia ni mviringo, kwa hivyo mwale wa rada hupanda kadiri unavyokwenda. Kilomita 100 kutoka kituoni, unapita zaidi ya kilomita moja juu ya vichwa vya watu. Wingu linalozunguka huliona, mlango wako haiuoni. Kuna wakati mabati na mbao hurushwa juu hadi kwenye mwale, na rada za siku hizi hutambua kwamba hiyo si mvua. Mimi hapo ndipo mwili hunisisimka, maana rada ikiona mbao, hiyo tayari ni nyumba ya mtu.

Usiku wa kwanza mjomba alipolala kwetu, simu yake ililia saa nane. Kumbe ni ujumbe wa matangazo tu. Tulimkuta amesimama sebuleni, viatu miguuni, akiuliza bafu liko wapi.

"Lala, mwanangu," Nyanya akamwambia. "Bafu letu liko nje."